Mama wa Alhamisi

Essen, 4 Oktoba 2011

Mama Profesa mpendwa,

Nimekupigia simu wiki nzima. Haikupokelewa, haikupokelewa, kisha juzi ikainuliwa, nikasikia mtu anapumua upande wa pili, nikaita "Mama Profesa? Mama Profesa?" mpaka ikakatwa. Kama umenikasirikia niambie kwa maneno. Kukatiwa simu na mtu aliyenifundisha hata namna ya kushika kichupa kumeniuma.

Basi naandika, kwa kuwa barua hujawahi kuacha kuijibu.

Unaikumbuka karatasi yako iliyobandikwa juu ya mashine ya kuzungusha damu: "Pete nyeupe isafishwe." Umestaafu, lakini karatasi ipo na tunaitii kama msahafu. Tunazungusha damu, nyekundu inazama, neutrofili, zile seli askari, zinazama nayo, na juu inabaki ile pete nyeupe yenye seli T tunazozitaka. Kwa mtu mwenye afya mambo huishia hapo. Ila kwa wagonjwa wetu wa saratani ya koo kuna neutrofili zinazogoma kuzama. Zinaelea ndani ya pete. Tangu enzi zako tunaziita uchafu, tunazitoa kwa shanga za sumaku na kuzimwaga.

Mwezi uliopita Tarik wetu wa maabara akaja na sura ya mtoto aliyevunja sahani. "Dada, shanga zimekwisha. Nilisahau kuagiza. Tukaombe ghorofa ya pili?"

Nikamwambia, "Ghorofa ya pili tunadaiwa tayari. Acha uchafu ndani, tuone."

Tukaona. Seli T, ambazo ukizichokoza hugawanyika na kujaa bakuli, hazikutikisika. Zililala. Shanga zilipofika tukachukua damu ya mgonjwa yuleyule, tukaisafisha, na seli T zikaamka na kufanya kazi. Tumerudia kwa wagonjwa wengine na jibu ni lilelile.

Unajua maana yake kuliko mimi. Umefundisha maisha yako yote kwamba neutrofili ni askari wanaovamia uvimbe na kuuua. Hizi zinazoelea haziui kitu. Zinawalaza askari wenzao, na uvimbe unakua kwa raha zake.

Tasnifu yangu inaingia Machi na mtahini wa kwanza ni wewe. Bila ripoti yako hakuna Daktari Pawelczyk. Nikiiandika sura hii nitakuwa nimempinga mama yangu wa udaktari mbele ya watu, na nisipoiandika nitakuwa mwongo. Nifanye nini?

Wako,
Mareike Pawelczyk


Hattingen, 7 Oktoba 2011

Bi Pawelczyk,

Usinipigie simu. Andika. Wageni pia sitaki msimu huu.

"Nifanye nini" si swali la kisayansi, kwa hiyo nalipita. Shanga kwisha nako si jaribio, ni uzembe wa Tarik. Mpe salamu zangu.

Sasa jambo lenyewe. Damu hiyo ilikuwa na umri gani ilipofika mezani kwako? Nani aliibeba? Nitakujibia mwenyewe, maana hospitali hiyo naijua. Ilitolewa asubuhi, ikawekwa kwenye barafu, ikamsubiri tarishi amalize sigara yake, ikatikiswa kwenye kigari mpaka kwenu. Neutrofili huharibika kama maziwa. Ukizipiga baridi na kuzitikisa hubadilika, huvimba, huwa nyepesi na kuelea. Umewachukua askari waliogandishwa na kurushwarushwa, ukawapima, ukawaita wasaliti. Huo ni uonevu.

Niletee damu iliyotoka mkononi mwa mgonjwa na kufika kwako kabla kikombe cha kahawa hakijapoa, bila barafu, bila kigari, bila tarishi. Mpaka hapo pete nyeupe itasafishwa.

Kuhusu ripoti yangu: nitaandika nitakachokiona, hata kama aliyeandika tasnifu ni wewe.

H. Overbeck


Essen, 28 Oktoba 2011

Mama Profesa,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye kibanda cha soseji pale Rüttenscheid, na soseji ikanipoa mkononi. "Uonevu." Nimeandikiwa mengi katika maisha yangu, hilo bado. Nilikasirika siku nzima. Halafu nikakiri moyoni kwamba kuhusu tarishi na sigara uko sahihi, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu.

Lakini sikiliza. Siku chache baada ya barua yako, Elfi, yule muuguzi mnene wa wodi ya koo anayecheka mpaka kwenye lifti, akanifuata maabara. "Mareike, una bahati," akasema. "Kuna mgonjwa wangu anataka kukupa damu kila Alhamisi. Ila ana masharti."

"Masharti gani?"

"Itolewe saa tatu kamili kabla hajanywa kahawa. Barafu marufuku. Tarishi haruhusiwi hata kuiangalia. Niilete mimi, kwa miguu yangu, kupitia njia ya chini ya jengo, na nisikimbie. Mimi, nisikimbie. Nimemwambia mama, mara ya mwisho nilikimbia nikiwa darasa la sita."

Jina lake sipewi, napewa namba tu kama kawaida. Ninachojua ni kwamba ni mama wa zaidi ya miaka sabini, alitolewa kikoromeo chote mwezi wa nane, na hawezi tena kusema. Ana ubao mdogo na chaki. Elfi anasema anaamrisha kuliko daktari mkuu, na akishaandika watu wanatii.

Tumempa jina Mama wa Alhamisi. Damu yake inafika vuguvugu kama imetoka mwilini sasa hivi, na neutrofili zinaelea vilevile. Si chache. Na seli T zake zinalala vilevile. Kwa hiyo si barafu, Mama Profesa, wala si kigari.

Simjui lakini nampenda. Mtu amekatwa koo, hana sauti, na bado anakaa kufikiria damu yake itatembezwaje ili msichana asiyemjua apate jibu la kweli. Mimi nikiwa na mafua tu huwa sitaki hata kuulizwa jina.

Jumapili nilipita bustanini kwako, si kukutembelea, nilikuwa napita. Bwana Kleinjohann wa chama cha bustani alinishika pale getini. "Mwambie Bi Profesa ua wake wa miti umezidi urefu unaoruhusiwa na chama. Na magugu yametambaa mpaka kwa jirani. Haijawahi kutokea." Nikamwambia una shughuli. Nadhani shughuli yenyewe ni kukusanya hoja za kunimaliza.

Mareike


Hattingen, 2 Novemba 2011

Bi Pawelczyk,

Mwambie Kleinjohann ua ni wangu na rula ni yake, kila mtu ashike chake.

Nimekubali kwamba damu hiyo ilibebwa vizuri. Ni mara ya kwanza katika hospitali hiyo. Lakini mama mmoja ni mama mmoja, na ni mzee. Pengine damu ya kila mzee huelea hivyo, na saratani haihusiki. Tafuta wazee wenye afya uwapime.

Halafu unasema neutrofili hizo "zinalaza" seli T. Kwa njia gani? Kwa kuziimbia? Kuna kimeng'enya ndani ya neutrofili kinachokula arjinini, na seli T bila arjinini haigawanyiki, kama fundi asiyepewa chakula cha mchana. Irudishe arjinini kwenye bakuli. Seli T zikiamka utakuwa umepata mkono wa mwizi, na zisipoamka utakuwa umepata kelele tu.

Na usimpende mgonjwa usiyemjua. Pengine ni mkorofi.

H. Overbeck


Essen, 9 Desemba 2011

Mama Profesa,

Wazee tumepata. Tarik alisimama kwenye kile kibanda cha magazeti karibu na kituo cha treni, akawatangazia wazee wa pale kwamba kuna kahawa na keki ya plamu kwa kila atakayetoa damu. Walikuja wengi kuliko tuliowaomba. Mzee mmoja aliyechimba makaa maisha yake yote akatuambia, "Chukueni, ila mkikuta vumbi msishangae." Hatukukuta vumbi, wala neutrofili zinazoelea, isipokuwa za kuhesabika. Kwa hiyo si uzee.

Arjinini nayo tumeirudisha. Seli T zimeamka, si zote, ila zimeamka. Mkono wa mwizi tumeushika, hata kama ana mikono mingine.

Ningepaswa kuruka kwa furaha, na kweli niliruka, Tarik ni shahidi. Sasa nikueleze kwa nini nikakaa chini tena.

Kwa wagonjwa wetu wa zamani tumeona kwamba pete ikinenepa kwa zile neutrofili, mara nyingi uvimbe unakuwa umerudi au uko njiani. Na pete ya Mama wa Alhamisi inanenepa. Oktoba ilikuwa nyembamba, Novemba ikaongezeka, jana nilipoinua kichupa kwenye mwanga nikaona bila hadubini. Nikaiweka kwenye grafu. Mstari unapanda vizuri mno, ndio mstari mzuri kuliko yote katika tasnifu yangu, na nikajikuta natabasamu. Halafu nikakumbuka mstari ule ni mtu.

Nimeona haya, Mama Profesa. Natamani nimwombe radhi na siruhusiwi hata kumjua. Wewe ungefanyaje?

Mareike


Hattingen, 13 Desemba 2011

Bi Pawelczyk,

Usione haya kwa kufurahia jibu. Aliyetoa damu yake anataka ijibu swali, hataki isikitikiwe. Ukianza kuhuzunika ukiwa umeshika kichupa mkono utatetemeka, na damu ikitikisika huyo mama atakuwa amejichosha bure.

Rudia kipimo, usitegemee macho. Ukikuta ni kweli, kiandike kama kilivyo.

Hoja zangu mbili umezijibu. Nikipata nyingine nitaileta baadaye. Nitakuwa na shughuli mpaka baada ya Krismasi na sitaandika. Usinitafute.

H. Overbeck


Essen, 12 Januari 2012

Mama Profesa,

Umesema nisikutafute, kwa hiyo sikutafuti, naandika tu.

Tangu kabla ya Krismasi hakuna damu ya Alhamisi. Nimemuuliza Elfi, akaangalia viatu vyake. "Mareike, unajua siwezi kusema." Elfi asipocheka mimi naogopa. Tarik anajaribu kunituliza. "Labda kaenda Mallorca kuota jua," anasema. Kila Alhamisi saa tatu tunasafisha meza, tunapasha mashine moto, tunakaa. Leo amenunua keki tuwe na cha kufanya.

Nilikuokea biskuti za Krismasi nikazitundika kwenye kitasa cha mlango wako. Jumapili nilipita nikakuta mfuko ungali pale umelowa mvua. Nikajua umeamua kweli kutoniona. Sikulaumu. Ningekuwa nimejenga nyumba miaka yote hiyo, kisha mtoto niliyemlea akaja kuniambia msingi umeoza, sijui kama ningekula biskuti zake.

Ila nikwambie kitu kimoja nisije nikaujutia ukimya. Kila hoja uliyonipiga nayo imeifanya kazi yangu iwe kazi. Nilikuletea shanga zilizokwisha, na sasa nina sura nzima inayosimama kwa miguu yake. Mtahini anayetaka kukuangusha hakuonyeshi mahali pa kuweka nguzo. Wewe umenionyesha. Sijui kama umegundua.

Nimewakosa watu wawili kwa mpigo, wewe na yeye. Nisaidie basi kwa jambo moja tu: sura hii niiingize, au?

Mareike


Essen, 9 Februari 2012

Mama Profesa,

Damu imerudi leo.

Njia ya chini imefungwa kwa matengenezo, na nje ni baridi ya kukatika masikio. Elfi kaingia kavaa koti kubwa, mkono mmoja kaubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa.

"Mkono umefanyaje? Umeteguka?"

"Mkono mzima. Nimeambiwa niibebe kwapani. Si mfukoni, si kwenye mkoba. Kwapani, ndani ya nguo. Kaniandikia ubaoni kwa herufi kubwa, kapiga na mstari chini."

Tarik akacheka. Mimi nilicheka naye, kisha nikavuta kiti nikakaa.

Katika mji huu wote watu wanaobeba damu kwapani ni wewe na sisi uliotugombeza mpaka tukazoea.

Mareike


Hattingen, 11 Februari 2012

Mareike,

Ndiyo.

Sauti ilianza kukwaruza majira ya kuchipua mwaka jana. Nilidhani ni mihadhara ya miaka mingi imenidai. Mwezi wa nane wakatoa kikoromeo na kila kilichokizunguka. Sasa napumua kupitia tundu shingoni na naongea kwa chaki. Ile simu niliiinua kwa mazoea tu. Nikakusikia ukiniita, ukaniita tena, na sikuwa na kitu cha kukujibu nacho. Nilikaa na mkono juu ya simu mpaka kahawa ikapoa. Biskuti zako hazikukataliwa, mwenye nyumba alikuwa wodini.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungejua kwamba naumwa ungeacha kunipinga. Ungekuja na maua, ungeongea kwa sauti ya chini, na hoja zangu ungezikubali kwa huruma. Nilihitaji mtu mmoja duniani aendelee kugombana nami kama nina afya.

Usinifanye mtakatifu lakini. Barua yako ya kwanza niliisoma wodini nilipokwenda kupimwa, na nilikasirika mpaka Elfi akapima shinikizo la damu mara mbili. Nilijitolea damu ili nikushinde. Nilikuwa na hakika. Nikasema: nitampa damu iliyobebwa kwa masharti yangu mwenyewe, nizibe kila tundu, na neutrofili zitazama kama nilivyofundisha, na atatulia. Wewe ukaniandikia kwamba zinaelea. Nilisoma barua hiyo nikaangalia mkono wangu mahali sindano ilipoingia. Ubishi ulikuwa unatoka humo.

Baada ya hapo sikutaka tena kukushinda, nilitaka kujua. Hoja ya uzee na ya arjinini sikukuletea kama mpinzani. Nilikuwa mwanafunzi wako, nikikaa nyumbani kuanzia Ijumaa nikingoja majibu.

Barua yako ya Desemba, ile ya mstari unaopanda, ilinifikia kabla ya daktari hajaniambia lolote. Yeye alikuwa ameridhika. Nikamwandikia ubaoni: nipige picha ya shingo. Akasema si wakati wake bado. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Wakakuta tezi moja ndogo kama punje ya dengu, wakaitoa baada ya Krismasi pamoja na majirani zake. Sasa wananipiga mionzi na supu ya dengu ndiyo mlo pekee unaopita. Daktari anasema tumeiwahi. Hilo usiliandike kwenye tasnifu hata kwa herufi ndogo. Mtu mmoja si ushahidi. Nakuambia wewe tu, kwa sababu uliniuliza ungefanyaje kumwomba radhi mwenye ule mstari. Mwenye mstari anakushukuru.

Sasa tasnifu. Sura iingize. Lakini ripoti siwezi kuandika. Mtu hawezi kuwa mtahini na papo hapo kuwa ndani ya kichupa. Nimeshamwandikia mkuu wa kitivo, nimejitoa, na nimempendekeza Profesa Lohkamp wa Münster. Hanipendi, wewe hakujui, na hajawahi kumwachia mtu kosa la nukta. Jiandae. Atakuuliza nilichokuuliza mimi, ila bila mapenzi.

Ile karatasi yangu juu ya mashine ibandue. Imekaa muda mrefu mno.

Na kuanzia leo niite Hiltrud. Mkubwa ndiye anayetoa ruhusa hiyo, na nimeichelewesha.

Hiltrud


Essen, 14 Februari 2012

Mama Profesa Hiltrud,

Ndivyo ilivyotoka, kalamu imekataa kuanza na jina peke yake. Nipe muda.

Nimelia, nimekasirika, nimelia tena. Nimekwambia kwenye barua kwamba simjui lakini nampenda, na wewe ukanijibu pengine ni mkorofi. Ukakaa kitandani ukaandika hivyo, na tundu shingoni. Tarik nimemsomea, akasema, "Huyu mama ni mkorofi kweli," na akaenda kujifuta uso chooni.

Nakustahi tangu siku ya kwanza uliponinyang'anya kichupa. Lakini nilikuwa nastahi umaarufu wako, vitabu, picha yako kwenye korido. Hayo yote sasa naona madogo. Kuna watu wengi wanaotetea walichokifundisha mpaka kaburini. Wewe umenyoosha mkono ukasema choma hapa tuone kama nilikosea, na ulipoambiwa umekosea ukanyoosha tena Alhamisi iliyofuata. Sijawahi kuona ushujaa wa namna hiyo, na uliufanya kabla ya kahawa.

Karatasi nimeibandua. Nimeitia kwenye fremu, iko mezani kwangu, nione hata mtu mkubwa alivyowahi kuwa na hakika.

Jumamosi mimi na Tarik tulikwenda kupunguza ua wako. Bwana Kleinjohann alitufuata na rula yake akipima kila hatua, mpaka Tarik akamuuliza kama angependa kupimwa na yeye. Magugu tumeyaachia jua la Aprili.

Mareike


Hattingen, 22 Mei 2012

Mareike,

Keshokutwa sitakuja ukumbini. Nikikaa mstari wa mbele Lohkamp ataniangalia mimi badala ya kukuangalia wewe, na ushindi wako hautakuwa wako. Halafu nikiguswa moyo hili tundu linapiga mluzi, na sitaki upewe udaktari kwa sauti ya birika.

Tarik atakuletea sanduku. Najua wenzako wamekutengenezea kofia yao, ile ya utani anayovikwa kila daktari mpya, na najua ina shanga, maana Tarik hawezi kutunza siri. Hii ni ya pili, ni yangu. Wenzangu walinivika mwaka 1966. Wakati ule wanawake tuliopata udaktari pale tulikuwa wachache, na wanaume walikesha kuigundisha wakidhani wananitania. Juu yake kuna kokwa ya jozi iliyopakwa rangi nyekundu, ndiyo uvimbe, na kuizunguka kuna askari wadogo wa kuchezea, wote wakiielekezea bunduki. Ndivyo nilivyoandika katika tasnifu yangu. Imekaa kabatini miaka yote na kila nilipohama nilihama nayo mkononi.

Wiki iliyopita nilichemsha maji, nikawashikilia askari mmoja mmoja juu ya mvuke mpaka gundi ikaachia, nikawageuza. Sasa wameipa jozi mgongo na bunduki zao zinatazama nje. Wanailinda. Vidole vyangu vimeungua kidogo.

Wawili sikuwagusa. Katika sura ya tano umeandika mwenyewe kwamba si neutrofili zote zilizokengeuka, na kwamba wakati uvimbe ungali mdogo baadhi bado huzisaidia seli T. Hao wawili ni wangu. Usiwageuze mpaka uwe na ushahidi.

Hiltrud


Essen, 25 Mei 2012

Hiltrud,

Nimeweza. Jina na hilo lingine, vyote viwili.

Lohkamp alinisulubu. Aliuliza uzee, nikajibu kwa wazee wa kibanda. Akauliza kimeng'enya, nikajibu kwa arjinini. Kila alipofungua mdomo nilikuwa nimeshalisikia swali hilo tangu mwaka jana, tena kwa ukali zaidi. Mwishoni akavua miwani. "Bi Pawelczyk, neutrofili huharibika haraka. Nani alibeba damu hii, na aliibeba vipi?"

Nikasema, "Muuguzi, Profesa. Kwa miguu. Wakati wa baridi, kwapani."

Ukumbi ukacheka. Lohkamp hakucheka. Akasema polepole, "Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa anafundisha hivyo." Akaandika kitu, akafunga faili, na nusu saa baadaye wakaniita daktari.

Kofia ya Tarik niliivaa barazani, shanga zikaniingia mpaka kwenye kola. Yako niliivaa nilipobaki peke yangu. Ni nzito. Niliiweka juu ya meza nikawatazama wale askari kwa muda mrefu, waliogeuzwa na wawili wako, na nikaona alama ya kidole chako kwenye gundi. Sitawagusa.

Elfi nimemwambia Alhamisi apumzike. Njia ya chini imefunguliwa, lakini nitapita juu, kuna jua. Nitafika wodini saa tatu kamili, usinywe kahawa kabla, na damu nitaibeba mwenyewe, kwapani, bila kukimbia. Kama una pingamizi andika ubaoni.

Mareike